Elfu Tano na Arobaini, na Fungu la Mgeni

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya kugawa miche, gari la kumi na moja liliingia kwenye kitalu chetu cha Dongobesh. Mimi nilikuwa nimeandaa mafungu kumi. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kalamu sikioni, nikijisikia mtu aliyemaliza kazi, maana vikundi kumi vilikuwa vimeandikwa, vikundi kumi vilikuwa vimefika, na miche elfu tano na arobaini ilikuwa imejipanga kwenye matuta saba bila pengo hata moja. Kila kikundi mia tano na nne. Hesabu safi.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu iliyojaa matope hadi kwenye vioo. Wakashuka wanawake watano. Aliyetangulia alikuwa mama aliyenizidi umri, mrefu, amejifunga shuka kifuani kwa sababu ya baridi.

"Shikamoo mama," nikamwambia.

"Marahaba. Tumetoka Balangdalalu. Tumelala njiani. Tumeambiwa hapa ndipo kwenye miche."

Nitarudi kwa mama huyu. Kwanza lazima niwaeleze ninyi vijana kwa nini kufika kwake kulinitia jasho wakati nilikuwa nimevaa sweta mbili, na kwa nini nilikuwa nimetunza miche elfu tano na arobaini, si elfu tano kamili kama mtu mwenye akili zake.

Nimestaafu kwa hiari nikiwa na miaka hamsini na mitano. Shule yangu iliishia darasa la saba. Kazi yangu yote ilikuwa kitaluni: kuchekecha udongo wa msituni, kuuchanganya na samadi na mchanga, kujaza viriba, yaani vile vifuko vyeusi vya plastiki, kusia mbegu, kumwagilia, kung'oa magugu. Watu wa Mbulu na Hanang waliniita Bwana Miche, na wengine hadi leo hawajui jina langu jingine.

Aliyenifundisha ni Mzee Boay, msimamizi wa kitalu kabla yangu. Alikuwa mfupi, mpole, na hakupenda kurudia maneno. Siku yangu ya kwanza alinipa jembe na akaniambia, "Tuta moja, upana viriba kumi, urefu viriba sabini na viwili. Matuta saba. Usizidishe, usipunguze." Nikamuuliza kwa nini sabini na viwili. Akasema, "Anza kuchimba."

Sababu niliipata mwaka uliofuata, tukiwa tumekaa kwenye kibanda cha zana tukikwepa mvua. Zamani, akasema, walikuwa wanaotesha miche elfu tano, namba iliyopendwa na ofisi kwa sababu inaandikika vizuri. Lakini idadi ya vikundi vinavyokuja kuchukua miche haijulikani mapema. Leo vitano, mwakani saba, kijiji kimegawanyika, vikundi viwili vimegombana na kuungana tena. Mwaka wa vikundi sita, kila kimoja kilipata mia nane thelathini na mitatu na ikabaki miwili. Mwaka wa vikundi saba, mia saba kumi na minne, na ikabaki miwili tena.

"Ile miwili," Mzee Boay akasema, "iligombewa kuliko ng'ombe. Nikaongeza arobaini. Tangu hapo sijasikia kelele."

"Kwa nini arobaini, mzee?"

"Nilijaribu mmoja mmoja kwenda juu mpaka ugomvi ukaisha."

Hivyo ndivyo alivyoipata, kwa kujaribu. Mimi niliielewa miaka mingi baadaye, nilipoanza kusoma vitabu vya hesabu vya binti yangu alipokuwa sekondari. Yeye akivifunga, mimi nikivifungua. Nikaona kwamba elfu tano na arobaini ni moja mara mbili mara tatu mara nne mara tano mara sita mara saba. Nikaona pia kwamba ni saba mara nane mara tisa mara kumi. Zidisheni wenyewe, msiniamini. Matuta saba, nane mara tisa ni sabini na mbili za urefu, kumi za upana: Mzee Boay alikuwa ameilaza namba hiyo chini kwenye udongo na kuimwagilia kila siku, bila kujua ina umbo gani kwenye karatasi.

Kwa hiyo inagawanyika kwa mbili, tatu, nne, tano, sita, saba, nane, tisa na kumi, bila kubakiza hata mche mmoja. Inagawanyika kwa kumi na mbili, kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Nilikaa nikavihesabu vigawo vyake vyote, nikapata sitini. Namba nyingine za ukubwa huo nilizojaribu hazikufika hapo. Ni namba yenye urafiki na karibu kila mtu.

Lakini majirani zake si hivyo.

Jirani wa kushoto nilimjua kwa sababu ya mbuzi. Mwaka mmoja vikundi vilikuwa saba, kila kimoja tuta lake, kazi ya kitoto. Asubuhi ya kugawa, mbuzi wa jirani akapenya kwenye uzio akala mche mmoja. Mmoja tu, wa pembeni, kwenye tuta la Bashay. Mwenyekiti wa kikundi cha Bashay alikuwa Martini, mtu wa sauti kubwa na utani mwingi, rika langu. Akahesabu tuta lake na kupata mia saba kumi na tisa.

"Bwana Miche, wenzangu wana mia saba ishirini. Mimi nimekosea nini?"

"Mbuzi kala, Martini."

"Mbuzi wa nani? Wa kwangu yuko Bashay, amefungwa, na ana adabu."

Nikaenda kwenye lundo la miche tuliyoitupa wakati wa kuchambua, nikapata mmoja uliopinda shingo, nikauleta. Martini akauinua juu watu wote wauone. "Jamani, sisi Bashay ni jalala la Dongobesh!" Watu wakacheka mpaka machozi. Hata hivyo aliuchukua. Ukaota, na hadi leo umesimama nyuma ya nyumba yake, umepinda vilevile. Akikasirika na mtu huwa anamwambia, "Umenyooka kama mche wa Bwana Miche."

Jioni ya siku ile nilijaribu kugawa elfu tano thelathini na tisa. Nikaanza na mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, nikaendelea mpaka sitini na saba. Hakuna iliyoingia sawasawa. Niliishia hapo kwa sababu inayofuata ni sabini na moja, na sabini na moja mara sabini na moja ni elfu tano arobaini na moja, tayari umepita. Kumbe huyo ndiye jirani wa kulia, naye hamjui mtu isipokuwa sabini na moja. Fikirini: namba inayokubaliana na karibu kila mtu imekaa katikati ya wakaidi wawili, na kutoka kwake kwenda kwa mmojawapo ni hatua ya mche mmoja ulioingia tumboni mwa mbuzi.

Vitabu vya shule vinaiita namba isiyogawanyika namba tasa. Nilipomsomea Mzee Boay neno hilo, aliacha kukata mizizi, akaniangalia. Yeye na mkewe hawakupata mtoto.

"Neno baya hilo kwa namba," akasema. "Imewakosea nini?"

Ningekumbuka jibu lake hilo, nisingeumbuka siku ya pikapu.

Nirudi sasa kwa yule mama. Jina lake Yasinta. Kikundi chake kilikuwa kimeomba miche kama wengine, lakini jina lao lilipotea njiani kati ya kata na wilaya. Hawakuwa na kosa. Nikampigia simu afisa misitu wetu, Bwana Shabani, kijana kutoka Tanga, mtu muungwana sana. Akasema, "Mzee, orodha niliyonayo ni ya kumi. Hao kumi wakikubali kupunguziwa, mimi sina neno. Wasipokubali, siwezi kuwalazimisha. Wamechimba tayari."

Hapo ndipo palipokuwa na ugumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimewatumia wenyeviti ujumbe mapema: chimbeni mashimo mia tano na manne. Wakachimba. Nyinyi mnaokaa mjini mnadhani shimo la mti ni kitu kidogo. Nendeni Bashay mchimbe kwenye mawe, futi mbili kwenda chini, mvua haijalainisha udongo, halafu mniambie.

Nikawakusanya wote kumi karibu na tangi la maji, nikawaeleza. Martini ndiye aliyejibu kwanza, na safari hii hakuwa na utani.

"Ndugu yangu, watu wangu wana malengelenge. Nikirudi na pungufu nitawaambia nini? Fukieni mengine?"

Mwingine akasema, "Si ulituambia namba yako inagawanyika hata tukija wangapi?"

Ni kweli nilisema hivyo. Nilikuwa nasema kila mwaka, kwa majivuno. Nikaanza kujitetea, nikatumia maneno ya kitabu, kwa sauti, mbele ya watu wote, huku nimemwelekea Mama Yasinta bila kufikiri: "Tatizo ni kumi na moja. Kumi na moja ni tasa. Hakuna unachoweza kupata hapo."

Mmoja wa wale wanawake, msichana aliyekuwa amebeba ndoo, akaja mbele.

"Umemwitaje shangazi?"

Sikujua nimemwita nini. Msichana akasema tena, "Shangazi hakujaliwa kuzaa. Nani amekuambia, na inahusu nini na miche?"

Nilitamani mojawapo ya yale mashimo ya Martini liwe karibu. Nikaeleza kwamba nilisema namba, kwamba ni neno la shuleni. Nilivyozidi kueleza ndivyo lilivyozidi kuwa baya. Mama Yasinta mwenyewe ndiye aliyeninyamazisha kwa kuinua mkono.

"Mwache. Amesema namba." Kisha akaniuliza, "Hiyo namba haigawanyiki kabisa?"

"Haigawanyiki, mama."

"Basi tunafanana, hata mimi sijagawanyika. Nipe jibu moja, mwanangu: napewa miche, au niwashe gari?"

Martini, ambaye hawezi kukaa kimya watu wakiwa na huzuni, akasema, "Mama, si kwamba tunakunyima. Ila mashimo yetu ni mia tano na manne kila mtu."

"Nyinyi mna mashimo mia tano," Mama Yasinta akasema. "Mimi ninalo moja. Linatosha kumeza yenu yote na nyinyi wenyewe."

Ndipo akatueleza. Korongo lilianza nyuma ya mashamba yao kama mfereji ambao mtoto angeruka. Kila masika likapanda. Lilikuwa limekula njia ya ng'ombe, likala migomba ya jirani, na sasa lilikuwa limefika kwenye zizi lake. Nyuma ya zizi ni nyumba. Walikuwa wamejenga kingo za mawe, wanawake peke yao, lakini mawe bila mizizi hayashiki. Mvua zilikuwa zimeshaanza. Akikosa kupanda mwezi ule, mwaka unaofuata hakutakuwa na mahali pa kupanda.

Hakulia wala hakuinua sauti. Alieleza kama mtu anayeelekeza njia.

Martini akakuna kichwa. "Sawa. Tuseme tumekubali kumi na moja. Na saa nne akija wa kumi na mbili? Utaanza kuhesabu upya? Tutalala hapa?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka kwa aibu. Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakucheka. Mama Neema, mmwagiliaji wetu, alikuwa anaviringisha mpira wa maji, akasema bila kugeuka:

"Si umhesabu kabisa?"

"Nani?"

"Huyo wa kumi na mbili. Nyumbani mama yangu alikuwa anapakua sahani moja zaidi ya watu waliokuwepo. Mgeni akija, anakula. Asipokuja, atakayekuwa hajashiba anaongezewa. Hatukuwahi kugombea ukoko."

Vijana, nimesoma vitabu vingi vya hesabu kwa mtu wa darasa la saba, lakini mtu kama huyo sijakutana naye kitabuni. Mimi nilikuwa nimegonga kichwa kwenye kumi na moja kama nzi kwenye kioo. Kumi na moja hakuingia kwenye matuta yetu kwa njia yoyote: saba, nane, tisa, kumi, hayumo na hawezi kujificha ndani ya wengine. Lakini kumi na mbili ni tatu mara nne, naye alikuwa amekaa humo siku zote. Nikagawa kichwani. Mia nne na ishirini. Hakuna kilichobaki.

"Mafungu kumi na mawili," nikasema. "Kila kikundi mia nne na ishirini. Fungu la kumi na mbili linabaki hapa, mimi na Mama Neema tunalimwagilia. Mche wa mtu ukifa, anakuja kuchukua kwa mgeni."

"Na mashimo yangu themanini na manne yatakayobaki?" Martini akauliza. "Nifugie sungura?"

"Weka samadi. Yatakusubiri."

Akawatazama wenzake, akamtazama Mama Yasinta. Halafu akamwuliza, "Mama, hilo zizi lina ng'ombe wangapi?"

"Wawili na ndama."

"Ndama ana jina?"

"Anaitwa Subira."

"Haya, pakieni miche ya Subira kwanza. Sisi hatuko mbali."

Wenyeviti wengine tisa wakainua mikono. Msichana wa ndoo akapita karibu yangu akaniambia taratibu, "Shikamoo, Bwana Miche." Nikajua nimesamehewa.

Kabla hawajaondoka niliwaambia kitu ambacho nawaambia na nyinyi, maana kilitugharimu: mche unatolewa kwenye kiriba ndani ya shimo, si kabla. Mwaka mmoja nilimwambia mwenyekiti fulani, "Mche usitoke kwenye kiriba mpaka shambani," naye akatii kabisa. Hakutoka. Wakapanda na plastiki yake, wote. Baada ya miezi mitatu akaja kuniambia miti yake ina afya ila haikui. Kosa lilikuwa la sentensi yangu. Tangu siku ile nikitoa maelekezo naliomba kundi linirudishie kwa maneno yao, na nakata kiriba kimoja mbele yao kwa kisu waone.

Mvua zilinyesha wiki moja, halafu zikakatika. Jua lilikaa wiki tatu. Mimi na Mama Neema tulimwagilia lile fungu asubuhi na jioni, tukipunguza maji kidogo kidogo ili lizoee shida, maana mche uliodekezwa kitaluni hufa siku ya kwanza shambani. Mvua ziliporudi, mtu wa kwanza kufika na toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, alikuwa Martini. Alisimama mlangoni amevua kofia.

"Hodi. Nimekuja kumwamkia mgeni. Hajambo?"

"Hajambo. Anakuuliza za Bashay."

"Mwambie tumefiwa."

Kule kwenye mawe jua lilikuwa limewachoma vibaya. Akaondoka na miche mia moja na mitano, robo ya fungu zima. Wengine wakafuata, huyu ishirini, huyu arobaini. Mama Yasinta alikuja wa mwisho, akachukua thelathini na mitano. Tuta likabaki tupu. Mama Neema akalifagia.

Mwaka uliopita nilikwenda Balangdalalu kumsalimia. Ile miche yetu ya mgrevilea sasa imenipita kimo, na chini ya kivuli chake nyasi zimeshika udongo kati ya mawe. Korongo limesimama palepale lilipokuwa, hatua chache kutoka kwenye zizi. Subira ni ng'ombe mzima sasa, ana ndama wake. Mama Yasinta akanipa maziwa, akanionyesha mti mmoja ukingoni kabisa. "Ule ni wa mgeni," akasema. "Wa kwanza ulikufa."

Nilipokuwa nakaribia kustaafu, Bwana Shabani alinipigia simu. Wakubwa walitaka kujua fungu la kumi na mbili liliokoa kiasi gani, kwa shilingi. Nikampigia Mama Yasinta, nikamwuliza nyumba yake ni bei gani. Akacheka sana. "Kwani nimekuambia nauza?" Kwa hiyo nyumba sikuihesabu. Zizi sikulihesabu, wala Subira. Nilihesabu kile tu ambacho vikundi vingelipa kununua miche mingine ya kuziba mapengo, mia nne na ishirini kwa shilingi mia tatu mmoja, nikampa Bwana Shabani jibu: shilingi laki moja na ishirini na sita elfu.